Alidhani picha ya gereji imeganda

Ni saa tatu asubuhi na Dada Waya bado hajafungua sanduku lake la vifaa. Amesimama mbele ya gereji ya mteja mpya, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika kitasa cha mlango wa pembeni. Drili iko chini. Ngazi imelala kwenye nyasi. Kamera nne zimo ndani ya maboksi yake, hazijaguswa.

"Ufunguo wa akiba wa mlango huu uko wapi?" anauliza.

Mwenye nyumba, ambaye ana duka la dawa linalofunguliwa saa nne, anatazama saa yake. "Ufunguo wa akiba wa nini? Mimi nimekuita ufunge kamera, dada, sikukuita kwa makufuli."

"Naelewa. Uko wapi?"

"Upo. Nadhani uko kabatini. Au kwenye gari la mke wangu."

"Basi tuutafute kwanza," anasema Dada Waya, na kukaa juu ya sanduku lake kama abiria aliyewahi kituoni. "Mimi sianzi mpaka niuone, niutie kwenye kitasa, na uzunguke."

Kuutafuta kunachukua dakika ishirini na tano na maneno kadhaa kati ya mume na mke. Unapatikana ndani ya kopo la misumari. Dada Waya anaujaribu mara mbili, anamkabidhi mke wa mteja na kumwomba autundike jikoni peke yake, usichanganywe na mwingine. Ndipo anapochuchumaa taratibu, mguu wa kulia kwanza, kisha wa kushoto unaochelewa kidogo, na kufungua sanduku.

Ana miaka arobaini na mitatu, na amefunga kamera katika nyumba zaidi ya mia mbili. Jina la Dada Waya alipewa enzi alizokuwa akichimba mitaro ya kampuni moja ya intaneti, mwanamke pekee katika kundi la watu kumi na sita. Kampuni ilipopunguza wafanyakazi alianza kujitegemea. Miaka minne iliyopita alianguka kutoka kwenye ngazi akavunjika nyonga. Alilala kitandani wiki kumi na moja, akakaa bila kazi miezi minane. Daktari alimwambia atatembea, ila kukimbia asahau.

Hadi mwaka jana hakuwa na habari na funguo za watu. "Nilikuwa naangalia ukuta, paa, na ruta iko wapi," anasema. "Mlango nilikuwa naupita tu, kama kila mtu."

Kazi iliyombadilisha ilianza kwa simu ya mwanamke mmoja, karani wa posta, anayeishi na baba yake mwenye miaka sabini na sita. Baba huyo alikuwa fundi wa mabasi kwa miaka thelathini na minne, na mtaa mzima unamwita Mzee Spana.

Kumbukumbu zilikuwa zimeanza kumtoroka. Mara mbili alitoka na gari lake akasahau njia ya kurudi. Mara ya pili alipatikana baada ya saa saba, mafuta yameisha, amekaa nyuma ya usukani akimsubiri mtu ambaye hakuweza kusema ni nani. Binti yake alimkataza kuendesha. Gari likawekwa gereji, betri ikafa, lakini mzee hakuhama. Akishakunywa chai ya asubuhi huingia humo, akafuta spana zake moja moja mpaka jua lishuke.

"Niko kaunta napiga mihuri, mawazo yako gereji," anasema binti huyo. "Nilichotaka ni kufungua simu tu, nimwone baba yangu yu hai, niendelee na foleni."

Gereji yenyewe iko mwisho wa uwanja, hatua arobaini na moja kutoka mlango wa nyuma wa nyumba. Kuta zake ni za matofali, paa ni bati, lango ni la chuma. Ruta iko sebuleni, na ukiingia gereji na simu, intaneti inakufa mlangoni. Kuzika waya kulimaanisha kupasua zege la uwanja, jambo ambalo binti hakulitaka.

Dada Waya aliamua kufunga antena mbili ndogo, moja kwenye ukuta wa nyumba, nyingine chini ya paa la gereji, zitazamane. "Ni kama majirani wawili wanaoongea kila mtu barazani kwake," anaeleza. "Wanasikizana vizuri, mradi kitu kisikae katikati."

Katikati kulikuwa na kamba ya kuanikia nguo. Alimwonya binti kwamba shuka mbichi zikiwa kambani picha zitakuwa zinakwama. Binti akaahidi kuihamisha kamba hiyo Jumamosi.

Kilichobaki kilikuwa umeme. Laini ya zamani ya gereji ilikuwa imekufa miaka mingi, na kamera haziwezi kuishi kwa intaneti peke yake. Dada Waya akapitisha waya mpya ndani ya bomba juu ya ukuta wa uzio, akafunga soketi yenye matundu mawili juu ya meza ya mzee. Tundu moja lilikuwa la vifaa vya kamera. La pili lilibaki wazi.

Mzee Spana alikuwa amesimama pembeni muda wote huo, mikono nyuma.

"Wewe ndiye umekuja kunifunga?" alimuuliza.

"Hapana, baba. Nimekuja kufunga kamera."

"Si ndiyo hiyo hiyo?"

Dada Waya anasema alicheka, kisha akaacha kucheka, kwa sababu mzee hakuwa anatania. Ana msimamo mmoja katika kazi yake: hamfungii mtu kamera kwa siri, wala kwa nguvu. Aliweka drili chini, akakaa kwenye kreti, wakajadiliana karibu saa nzima.

Mwishowe mzee alikubali shingo upande. Kamera mbili tu, moja itazame lango, nyingine itazame gari na meza kutokea nyuma. Na kulikuwa na sharti.

"Kunitazama nitavumilia," alisema. "Kunisikiliza, hapana. Nikiwa humu huwa naongea na marehemu mke wangu. Maneno yetu hayamhusu mtu."

"Nizime sauti?"

"Izime. Na uniahidi."

Akamwahidi. Mzee akageukia gari lake. "Na hizo kamera zako nitazipa mgongo. Waambie wataona kisogo tu."

Kesho yake asubuhi Dada Waya alirudi kumalizia. Binti alikuwa ameomba ruhusa kazini. Mzee alikunywa chai, akatoka kwenda gereji kama kawaida. Kwa jirani kulikuwa na fundi anayekata vigae, na sauti ya mashine yake ilijaa uwanja mzima.

Wanawake hao wawili walikaa sebuleni na simu ya binti. Dada Waya aliingiza namba za ruta, akasubiri, akazirudia. Kisha picha ikatokea.

"Huyo! Huyo baba!" binti alisema, akapiga makofi.

Gari lilionekana kwa nyuma, na ndani yake, kwenye kiti cha dereva, kisogo cha mzee.

"Anapenda kukaa humo," binti alisema. "Muache. Hapo yuko kwenye basi lake na abiria sitini."

Dada Waya aliendelea kupanga mambo mengine kwenye simu. Aliporudi kwenye picha, kisogo kilikuwa palepale. Akasubiri. Kisogo hakikusogea hata kidogo.

"Imeganda," akasema.

Alichungulia dirishani, akaona shuka mbili kambani. Binti akatoka kwenda kuzianua. Aliporudi, picha ilikuwa ileile. Dada Waya akafunga programu, akaifungua upya. Ileile. Tena ilikuwa imeingia weupe, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Akajilaumu kwamba amesahau kubandua nailoni inayokinga kioo cha kamera mpya.

Daftari lake la kazi bado analo. Kwenye ukurasa wa siku ile kuna mstari mmoja kwa kalamu ya bluu: *bandua nailoni, kamera 2*.

"Ona nilivyoandika vizuri," anasema akituonyesha. "Mwandiko umetulia kabisa. Mtu anakufa, mimi naandika habari za nailoni."

Alipoinua macho kutoka kwenye daftari, yalitua kwenye kona ya juu ya picha, pale saa ya kamera inapoandikwa. Ilikuwa saa nne na dakika kumi na saba. Na sekunde zilikuwa zinakimbia. Arobaini na moja, arobaini na mbili, arobaini na tatu.

Picha haikuwa imeganda. Asiyetikisika alikuwa mzee.

"Lile gari lina betri?" aliuliza.

"Betri ilikufa zamani."

"Chaja je? Baba ana chaja?"

"Anayo ya tangu zamani, lakini gereji haina ume—"

Binti hakulimaliza neno hilo.

Hatua arobaini na moja. Dada Waya anasema hakumbuki maumivu ya nyonga, anakumbuka zege tu na kandambili zilizomchomoka miguuni. Lango la chuma lilikuwa limekomewa kwa ndani. Alipoliwekea kiganja, alisikia mtetemo wa injini. Mpaka hapo sikio halikuwa limesikia kitu, kwa kelele za mashine ya vigae.

Mlango wa pembeni, wa mbao, ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Binti alirudi mbio jikoni akaja na kicha cha funguo kumi na tisa ambazo hazikuwa na alama yoyote. Wa kwanza haukuingia. Wa pili uliingia, haukuzunguka. Wa tano ulikwama, wakapoteza muda kuuchomoa. Kicha kikamponyoka binti, kikaanguka chini.

"Baba! Baba, fungua!"

"Achana na funguo!" Dada Waya alipiga kelele. "Shika ngazi!"

Ngazi yake ya aluminiamu ilikuwa imeegemezwa ukutani chini ya antena. Waliibeba kwa ubavu, mmoja mbele mmoja nyuma, wakarudi nyuma hatua sita na kuugonga mlango karibu na kitasa. Ukalia tu. Wakarudi tena. Mara ya tatu mbao ilipasuka. Mara ya nne walianguka ndani pamoja na mlango.

Moshi ulikuwa mzito hadi macho yakafumba yenyewe. "Nilimwambia binti, shika pumzi, usivute hata kidogo," anasema. Alifika kwenye gari kwa kupapasa, akazungusha ufunguo, injini ikanyamaza. Alijaribu kumvuta mzee akashindwa. Pumzi ilimwishia, ikabidi atoke nje, akavuta hewa mara mbili na kurudi. Safari hii binti alikuwa naye. Mmoja alishika kwapa hili, mwingine lile, wakamburuta mpaka nje kwenye zege.

Uso wake ulikuwa mwekundu isivyo kawaida. Alikuwa akivuta pumzi moja, kisha kimya kirefu, kisha nyingine.

Mashine ya jirani ilizimika. Yule fundi wa vigae aliruka uzio, mweupe vumbi mwili mzima, akambeba mzee mikononi mpaka kwenye pikapu yake. Hawakujua hata jina lake, lakini ndiye aliyeendesha mpaka hospitali huku mkono mmoja uko kwenye honi.

Mzee aliwekewa oksijeni. Daktari hakuahidi kitu. Aliwaambia tu kwamba dakika chache zaidi zingetosha, na kwamba hata hizo alizokaa humo ni nyingi.

Kwenye korido ya hospitali, wakiwa wamekaa benchi moja, binti alisema bila kumtazama: "Ni wewe uliyemletea umeme."

"Hakupiga kelele," Dada Waya anakumbuka. "Angepiga kelele ningepata pa kujitetea. Alisema polepole, kama mtu anayesoma barua. Na ilikuwa kweli. Tundu lile la pili ni mimi niliyeliweka. Mzee aliona umeme, akachomeka chaja, betri ikalala kwenye chaji usiku kucha. Asubuhi akafunga milango ili binti asisikie, akawasha gari."

Dada Waya alirudi nyumbani. Simu ilikuwa ikiita, hakupokea. Alikuwa ameshaangalia kumbukumbu za kamera na kujua kila dakika: picha ilipotokea sebuleni ilikuwa saa nne na dakika kumi na moja. Alipotambua, saa nne na dakika kumi na saba.

"Dakika sita," anasema. "Dakika sita nalaumu shuka."

Siku ya pili mumewe, ambaye ni mshona viatu, alimkuta amekaa sakafuni mbele ya sanduku la vifaa, akipanga drili na koleo kama mtu anayetaka kuviuza. Alimuuliza kama anaviuza. Akamjibu kwamba anafikiria. Mume akakaa naye pale chini.

Siku ya nne simu iliita tena, na safari hii alipokea. Alikuwa binti. "Baba ameamka," alisema. "Anakuita."

Anasema korido ile ilikuwa ndefu kuliko siku ya kwanza. Alimkuta Mzee Spana ameegemea mito, mpira wa hewa puani, macho makali.

"Ni wewe uliyevunja mlango wangu?"

"Ni mimi, baba."

"Kwa nini?"

"Kwa ngazi."

"Uligonga wapi?"

"Hapa karibu na kitasa."

Mzee alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kifundi. "Ungegonga upande wa bawaba, mwanangu. Kule mbao imeoza siku nyingi. Ungeingia kwa pigo moja."

Dada Waya hakujua acheke au alie. Aliyelia alikuwa mzee. Hakuwa anakumbuka kuchomeka chaja wala kuwasha gari, alisimuliwa tu. "Miaka thelathini na minne," alisema. "Kila kijana aliyepita mikononi mwangu nilimwambia, usiwashe injini mlango umefungwa. Wawili niliwafukuza kazi kwa kosa hilo. Wawili."

Nje ya wodi, binti alimshika mkono. "Dada, siku ile nilitamka neno baya."

"Ulisema kweli."

"Nilisema nusu. Nusu nyingine ni kwamba bila ile kamera ningemkuta saa saba, nikimpelekea chakula."

Mzee Spana alikaa hospitali siku kumi na mbili. Hakurudi kama alivyokwenda. Anatembea polepole zaidi, na mkono wa kulia unatetemeka, hata spana ndogo zinamponyoka. Gari bado lipo, ila betri imetolewa na kupewa mtu mwingine. Gereji ina king'ora kinacholia hewa ikichafuka, na umeme wake unazimwa kwa swichi iliyo jikoni. Mlango wa pembeni ni mpya, unafunguka kwa ufunguo pande zote mbili. Dada Waya aliyafunga hayo yote kwa mikono yake.

Jambo moja tu halikubadilika. Binti alitaka kamera ziwashwe sauti, na aliomba kwa machozi. Dada Waya hakumkatalia, ila alikwenda kwanza kumuuliza mwenyewe.

"Nilikuambiaje?" mzee alimjibu.

Sauti bado imezimwa. "Watu wananilaumu," anasema. "Wananiambia ningewasha kimyakimya, asingejua. Ni kweli asingejua. Lakini mimi ningejua, halafu ningemtazamaje usoni?"

Msimamo wake mpya haumletei wateja. Kwa mwezi hupata kazi sita au saba, na mwaka huu wanne wamemfukuza kabla hajaanza, wakisema anawachelewesha na maswali yasiyo na maana. Mmoja alimwambia abadilishe kazi akachonge funguo. Hajali sana. Anapoombwa kamera kwa ajili ya mzazi aliyeanza kusahau, siku ya kwanza haendi na vifaa. Anakwenda mikono mitupu, anakaa na mzazi huyo mahali anaposhinda, anaangalia anagusa nini, anafunga nini, anachomeka nini.

Kwa mwenye duka la dawa kazi inamalizika saa tisa. Kamera nne zinaonekana kwenye simu, zote hai. Akiwa anakunja nyaya, anatuambia jambo ambalo anasema hajamweleza mteja yeyote.

Mama yake ana miaka sabini na moja. Anaishi peke yake, safari ya siku nzima kwa basi. Mwezi uliopita alimpigia simu mara tatu kwa siku moja, na kila mara akamuuliza swali lilelile.

"Kila siku niko kwenye nyumba za watu, nawaonyesha wazazi wao kwenye simu," anasema. "Wa kwangu sijamwona miezi kumi na minne."

Ameshakata tiketi. Mwisho wa mwezi anakwenda, wiki mbili, likizo yake ya kwanza tangu alipovunjika. Amenunua kamera moja, king'ora kimoja na kitasa kipya, vyote viko kwenye mkoba. Ila havitatoka mkobani kabla mama hajakubali, na mama yake, anasema, hajawahi kukubali kitu chochote siku ya kwanza.

Na akikataa kabisa?

Anafunga sanduku, anainuka kwa kushika ukuta.

"Akikataa nitakuwa na wiki mbili," anasema. "Nitakaa pale nimtazame kwa macho yangu. Na nitamsikiliza, maana mama yangu anapenda sana kuongea."